Kabla ya Ndege, Tafuta Mti

Ukisoma uhakiki wa Pale Fire, riwaya ya Vladimir Nabokov ya mwaka wa 1962, hukawii kukutana na yule ndege wa mwanzo. John Shade, mshairi wa kubuni, anajiita kivuli cha ndege aliyegonga dirisha, akadhani anga lililo kwenye kioo ni anga la kweli. Hapo wahakiki hung'ang'ania vioo: uakisi, nafsi mbili, maisha baada ya kifo. Poa. Lakini hebu tuulize swali la kawaida tu: huyo ndege alikuwa anatafuta nini karibu na nyumba ya watu?

Jenasi yake ni Bombycilla. Ncha za baadhi ya manyoya ya bawa lake zina matone mekundu kama lakiri ya kufungia barua, ndiyo maana Waingereza wakamwita waxwing. Baridi ikiingia na wadudu wakiisha, anaishi kwa matunda madogo. Na mengi ya matunda hayo yako mjini, kwenye miti iliyopandwa kwa ajili ya urembo tu, kando ya maktaba na maegesho ya supamaketi. Wanaomsaka huko Marekani na Uingereza wanalijua hilo. Wanatafuta kwanza mti uliojaa matunda mekundu, halafu wanangoja. Kundi likishuka, linaumaliza mti na kuhama.

Shida ni kwamba kando ya mti kuna dirisha. Mtu alipanda chakula, akaweka na mtego, bila nia mbaya yoyote. Saa zingine chakula chenyewe ndicho mtego. Mwaka wa 2009, jimboni Georgia, makumi ya ndege hawa walikufa baada ya kushiba matunda ya nandina, kichaka cha mapambo kutoka Asia ambacho matunda yake yana sianidi.

Sasa rudi kwa Shade. Baada ya ndege kufa, usiku, mshairi anatazama kioo hichohicho kutoka ndani. Anajiona yeye, taa yake na tufaha kwenye sahani, vyote vikielea nje juu ya nyasi. Kumbe tunda liko ndani! Nje kuna picha yake tu. Kioo kilekile kinamchezea binadamu na ndege, ila binadamu anapata shairi na ndege anapata kifo. Kwangu mimi, hapo ndipo mistari hiyo inauma.

Charles Kinbote, mfafanuzi wa shairi hilo, akimwona ndege anakimbilia kumlinganisha na ndege wa kwao Zembla. Tunamcheka kwa sababu kila kitu anakivuta kwake. Halafu sisi nasi tunamgeuza ndege kuwa alama, tunasonga mbele. Nabokov, aliyechunguza vipepeo katika jumba la makumbusho la Harvard miaka ya 1940, alimwandika kwenye faharasa kwa jina lake la kisayansi. Utasema shairi si kitabu cha ndege. Kweli. Lakini alama hii ina uzito kwa sababu ilianza ikiwa na mwili na njaa.

Shairi lina mistari 999. Kinbote anadai wa 1000 ungekuwa marudio ya wa kwanza. Ikiwa ni hivyo, basi ndege anagonga tena. Si ajabu: mti bado una matunda, na dirisha liko palepale.