Nani atajibu kwa ajili ya sanamu? Kanisa la Jamaa Takatifu la Barcelona na mashini za siku hizi

Wanafunzi wa semineri wanauliza siku hizi: je, kanisa au picha iliyofanywa kwa msaada wa mashini inaweza kuwa kazi takatifu? Wengine wanajibu upesi kwamba haiwezekani, kwani mashini haina roho. Wengine wanacheka na kusema kwamba nyundo ya fundi nayo haina roho. Majibu hayo mawili ni mepesi mno. Tumeona afadhali tutazame kazi moja inayojulikana duniani pote, tuipime, kisha tuseme lile tunaloliamini.

Kazi hiyo ni kanisa la Jamaa Takatifu, Sagrada Família, katika mji wa Barcelona, Hispania. Jiwe lake la kwanza liliwekwa tarehe 19 Machi 1882, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, ambaye naye alikuwa fundi. Toka mwanzo lilijengwa kwa sadaka za watu. Mwaka 1883 kazi ilipewa Antoni Gaudí, kijana wa miaka 31. Akaishika mpaka kufa kwake tarehe 10 Juni 1926, siku chache baada ya kugongwa na tramu. Wakati ule mnara mmoja tu wa kengele ulikuwa umekwisha. Tarehe 14 Aprili 2025 Papa Fransisko alikubali atangazwe kuwa Mheshimiwa, maana yake Eklezya imekiri kwamba aliishi fadhila za kikristu kwa namna ya kishujaa.

Gaudí hakutosheka na kuchora juu ya karatasi. Alifanya mifano mikubwa ya plasta. Lakini mwezi wa Julai 1936, vita ya Hispania ilipoanza, watu waliichoma karakana yake na kuivunja mifano hiyo. Waliomfuata waliokota vipande, kama mtu anayeokota vigae akitaka kujua chungu kizima kilikuwa na umbo gani.

Hapo ndipo mashini ilipoingia. Gaudí alikuwa amechagua maumbo yaliyopindika, lakini yanayozaliwa na mistari iliyonyooka, hata fundi aweze kuyafuata kwa kamba na rula. Kwa hiyo ndani ya kila kipande kilichovunjika kulikuwa na sheria ya hesabu iliyofichika. Mark Burry, mtu wa New Zealand aliyeanza kazi huko mwaka 1979, pamoja na wenzake, walizitafuta sheria hizo kwanza kwa mkono, halafu kwa ordinatere, wakitumia programu zilizotungwa kwa kazi ya kuunda ndege. Kisha mashini zinazoongozwa na ordinatere zikakata mawe, na nyingine zikatengeneza mifano midogo, tabaka juu ya tabaka. Hivyo tarehe 7 Novemba 2010 Papa Benedikto XVI aliweza kulitabaruku kanisa hilo.

Je, tuhukumu namna gani? Sisi tunalijua kwa picha na vitabu tu, lakini hata kwa njia hiyo mambo mawili yanaonekana. Nguzo za ndani zinagawanyika juu kama matawi ya miti, na mwanga unashuka katikati yao. Anayeingia analazimika kuinua macho, na kuinua macho ni mwanzo wa sala. Hapa mashini imetumika vema. Haikutunga kitu. Ilitii sheria aliyoiweka mtu, ikamrudishia marehemu mawazo yake. Lakini tukilinganisha sehemu hizo na upande wa Kuzaliwa kwa Yezu, ulioanza kuchongwa Gaudí angali hai, tunaona tofauti. Huku majani, ndege na kobe wa mawe vinaonekana kama vimepatikana mmoja mmoja, kwa jasho. Kule kila ukingo ni sawasawa na mwenzake, na jicho linapita bila kushikwa. Si kosa kubwa, ila ni alama ya kutuonya.

Tofauti hiyo haitoki katika ustadi tu. Etsuro Sotoo, Mjapani, alifika Barcelona mwaka 1978 kuchonga mawe. Hakuwa mkristu. Alichonga kwa miaka mingi malaika wapiga muziki wa upande ule wa Kuzaliwa. Ameeleza mwenyewe kwamba hakuweza kumwelewa Gaudí kwa kumtazama Gaudí. Ilimpasa kutazama kule Gaudí alikotazama. Mwaka 1991 akabatizwa. Basi alilichonga jiwe, na jiwe nalo likamchonga. Mashini inaweza kukata malaika mzuri, lakini jioni inazimwa, na ni ile ile ya asubuhi.

Mtu atasema: je, imani ya fundi ni ya lazima? Tutazame Josep Maria Subirachs, aliyeanza mwaka 1987 kuchonga upande wa Mateso. Yeye alisema wazi kwamba hana hakika kama Mungu yuko. Mtindo wake ni mkavu na wenye pembe kali, na Kristu wake aliye uchi msalabani aliwaudhi wengi. Hata hivyo, walioudhika walimjua mtu wa kumwuliza. Alikuwapo, alibeba lawama, alijibu kwa ajili ya kazi yake. Hilo nalo ni jambo la heshima.

Sasa tutazame kazi ya namna nyingine. Mwezi wa Oktoba 1918 haukujua jambo kama hili, lakini mwezi wa Oktoba 2018, katika mnada wa Christie's huko New York, picha ya mtu asiyekuwako, aitwaye Edmond de Belamy, iliuzwa kwa dola 432,500. Vijana watatu wa Ufaransa walikuwa wameipa ordinatere maelfu ya picha za zamani, nayo ikajifunza kutoa uso mpya unaofanana nazo. Mashini ya Barcelona hufuata sheria iliyopewa. Mashini ya namna hii hukusanya desturi za wengi na kutoa mfano wake. Na chini ya picha, mahali pa jina la mchoraji, pameandikwa fomula ya hesabu. Tunalikataa jambo hilo. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu alipotaka hema lake lijengwe, alimwita Besaleli kwa jina, akamjaza roho ya ufundi. Fomula haiwezi kuitwa, wala haiwezi kuungama kosa.

Ndiyo maana hati ya Vatikano Antiqua et Nova, ya tarehe 28 Januari 2025, inafundisha kwamba akili bandia ni tunda la akili ya mtu, na kwamba wajibu unabaki kwa watu.

Haya yote yanatuhusu. Leo kijana mwenye telefone anaweza kupata picha ya Bikira Maria kwa dakika moja, bila franka nyingi, na kamati ya parokia ikaitundika karibu na altare. Huku mchongaji wa kijiji anangoja kazi. Tunawashauri mapadri na makatekista hivi. Kwanza, mashini itumike kupima, kuhesabu na kukata, mtu akiisha kuamua. Pili, picha ya kuheshimiwa na waamini iwe na mtu mwenye jina, ambaye jamaa ya wakristu inaweza kumwendea na kusema: mikono hii haikupendeza, au, asante, umetusaidia kusali. Tatu, kama fedha ni kidogo, afadhali msalaba mmoja wa mti uliochongwa na mkristu wa pale, hata ukiwa na kasoro, kuliko picha kumi zinazong'aa ambazo hakuna aliyezifikiri.

Kwani msalaba ule utakuwa umefanya kazi mbili. Utawafundisha wanaoutazama, na kabla ya hapo utakuwa umemfundisha yule aliyeuchonga, siku nyingi, peke yake, mbele ya Kristu anayeteswa. Tusimnyang'anye siku hizo.