Chupa Moja, Sahani Tatu

Katika maandishi yote yanayohusu Kigoma, mvinyo uliopata umaarufu ni wa chupa moja tu. Ni shampeni ambayo Henry Morton Stanley alisafiri nayo kutoka pwani hadi Ujiji mwaka 1871, akaifungua mbele ya David Livingstone siku walipokutana. Salamu ya siku hiyo tunaijua sote. Imegeuka mzaha wa dunia nzima. Chupa yenyewe haizungumzwi sana, ingawa imo katika kitabu cha Stanley, How I Found Livingstone, kilichotoka London mwaka 1872. Mimi naona chupa ina mengi ya kutufunza kuliko salamu.

Nilikisoma tena kisa hicho mwisho wa wiki mmoja mjini Kigoma, pamoja na wenzangu watatu wa shahada ya uzamili. Tulikuwa tumepanga jioni ya kuonja. Mmoja wetu alipanda treni ya Reli ya Kati pale Dodoma akiwa na chupa mbili za mvinyo mwekundu wa huko, wa zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, zao ambalo wamisionari Wakatoliki walilianzisha Bihawana katika miaka ya 1950. Mwenyeji wetu alitafuta pombe ya ndizi. Jumamosi jioni tukakaa karibu na mwalo wa Kibirizi, migebuka ikiwa jikoni, na kila mtu akaandika maneno yake kuhusu kila kinywaji kabla ya kusikia ya wenzake.

Kwa mvinyo, karatasi zilijaa haraka. Tulikuwa tumesoma lebo na makala za kutosha kujua kinachotarajiwa: ardhi, jua, matunda, harufu ya mbao. Kwa pombe ya ndizi kalamu zilisimama. Mmoja aliandika "kali". Mwingine "ya kienyeji", kana kwamba hiyo ni ladha. Ilichukua muda hadi mtu akasema ina uchachu wa togwa iliyolala, na hapo ndimi zikafunguka. Mwingine akarudi kwenye mvinyo, akafuta "matunda ya msituni", akaandika "ukakasi wa ndizi mbichi". Lilikuwa neno sahihi kuliko yote yaliyoandikwa jioni ile, na sote tulikuwa nalo tangu utoto.

Basi nikafungua kitabu kwenye ukurasa wa chupa, nikitaka kujua Stanley aliionjaje. Anaagiza iletwe pamoja na vikombe vya fedha. Anaeleza kwamba aliitunza kwa ajili ya siku ile hasa. Kinywaji chenyewe anakisifu kwa kuchangamsha, na ladha hatuambiwi. Haishangazi. Msafara wake wa mwisho uliondoka Bagamoyo mwezi Machi; kufika Ujiji, kwa hesabu yake, ilikuwa Novemba 10. Chupa ilikuwa imekaa kwenye joto na mitikisiko kwa karibu miezi minane. Kazi yake ndani ya kitabu ni kuthibitisha: nimefika, na niliamini nitafika.

Tena si Stanley aliyeibeba. Mizigo ya msafara ilikwenda kwa mabega ya wapagazi, na miongoni mwao yupo aliyevuka Ugogo na Unyamwezi na mzigo uliokuwa na kinywaji ambacho hangeonjeshwa. Kitabu kinatutajia aina ya shampeni. Jina la mpagazi huyo hakitupi.

Jumapili tulikwenda Ujiji, kilomita chache kutoka mjini. Mnara wa kumbukumbu upo, na miembe ipo, inayosemekana kuwa uzao wa ule mwembe wa mwaka 1871. Tulikuwa bado tunasoma maandishi ya mnara adhana ya adhuhuri ilipolia. Ndipo nikalitazama tukio lile kwa jicho jingine. Ujiji ni mji wa Waislamu, na waungwana wake wa wakati ule walikuwa Waislamu vilevile. Katika umati wote uliojaa mbele ya baraza ya Livingstone, chupa ile iliwahusu watu wawili.

Chakula kilikuwa na habari nyingine, na Stanley mwenyewe ndiye anayetuambia. Kabla chupa haijafunguliwa, sahani zilianza kuingia: Said bin Majid alileta andazi za nyama, Mohamed bin Salih akaleta kuku wa mchuzi wa bizari, Mwinyi Heri akaleta nyama ya mbuzi na wali. Nyumba tatu, sahani tatu, mara tu habari ya mgeni ilipotapakaa. Huku nyuma yupo Halima, mpishi wa Livingstone, anayehangaika kati ya jiko na umati. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Stanley anaisimulia siku ile hivyo hasa, ila anamfanya Livingstone kuwa mwenyeji, wakati Livingstone naye alikuwa mgeni wa mji huo, tena mgeni aliyeishiwa. Mwenyeji alikuwa Ujiji.

Livingstone, katika maelezo yake ya kukutana kule, anataja marobota ya bidhaa, beseni za bati, mabirika, masufuria na mahema. Shampeni haitaji. Anachokumbuka ni kwamba milo yake, iliyokuwa miwili tu, haba na isiyo na ladha, ikawa minne kwa siku, na ndani ya wiki nguvu zikaanza kurudi. Stanley alihesabu chupa. Mgonjwa alihesabu milo.

Hapa ni rahisi kuteleza. Tungeweza kumwondoa Stanley kwenye kiti cha mbele na kuwakalisha wale watatu, tukaita huo ukarimu wa Kiswahili, na kazi ikaisha. Lakini Ujiji ule ulikuwa mji wa pembe za ndovu na watumwa. Miezi michache tu kabla, Julai 1871, Livingstone alikuwa ameshuhudia watu wa wafanyabiashara wa aina hiyo wakiwaua wanawake na wanaume sokoni Nyangwe, na mauaji hayo ndiyo yaliyomfanya arudi Ujiji. Nani alitwanga mpunga wa sahani ile ya tatu? Nani alichota maji? Kitabu kinasifu meza, kisha kinanyamaza, na sisi tukishangilia sahani bila kuuliza swali hilo, tutakuwa tumenyamaza pamoja nacho.

Naandika haya kwa sababu uandishi wa kuonja umeanza kushamiri kwetu, na naufurahia. Dodoma inastahili waandishi wake. Lakini uandishi huo umerithi tabia ya Stanley: unaanza na chupa, unamaliza na chupa, na kinachopatikana mahali penyewe kinaachwa kiwe mandhari. Kigoma kimeumia zaidi kwa tabia hiyo. Makala baada ya makala hufika pale na salamu ile ya mwaka 1871 mfukoni, na huondoka bila kutuambia mawese yananukaje yanapochemka, au migebuka iliyobanikwa ina tofauti gani na ile mibichi.

Maneno tunayo. Ukakasi, uchachu, ukali na utamu vina madaraja ambayo bibi zetu wanayapima kwa ncha ya ulimi. Mkosoaji wa fasihi ana haki ya kudai yatumike. Mtu akiniletea makala ya kuonja, nitamsomea kwanza kwa kutafuta ladha, kisha nitatafuta aliyebeba mzigo na aliyekuwa jikoni. Stanley, kwa vipimo hivyo, anapata alama kwa sahani tatu na kwa Halima. Kwa chupa yake hapati kitu.