Zimwi Lenye Haja: Uundaji wa Mahasimu wa Ghaibu katika Mchezo wa Uigizaji wa Mezani na Swali la Tafsiri kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna mahasimu wa ghaibu, yaani wahusika waovu wanaotoka nje ya ulimwengu wa binadamu, wanavyoundwa katika mchezo wa Dungeons & Dragons. Hoja yake ni kwamba hasimu wa aina hiyo hufaulu pale anapokuwa na haja inayoweza kuelezwa, na hufifia anapobaki kitisho kitupu au jedwali la namba. Hoja hiyo inapimwa kwa illithid, kwa quori wa Eberron na kwa jini aliyeingizwa mchezoni, kisha inahusishwa na kazi ya kuutafsiri mchezo huo kwa Kiswahili.

Utangulizi

Dungeons & Dragons ilichapishwa nchini Marekani mwaka 1974, ikiwa ni kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani na kila mmoja huchukua nafasi ya mhusika mmoja. Msimamizi huwasimulia mazingira, huigiza watu na viumbe wanaokutana nao, na dadu huamua matokeo ya kila tendo lenye shaka. Kwa mtaalamu wa fasihi simulizi, mpangilio huu una sura inayofahamika: yupo fanani, ipo hadhira, na hadithi huzaliwa papo kwa papo. Tofauti iko katika uwezo wa hadhira. Hadhira ya ngano huitikia, huimba kiitikio, pengine humsahihisha fanani aliyesahau. Hadhira ya mchezo huu huingia ndani ya hadithi na kuigeuza.

Tofauti hiyo inamgusa hasimu kuliko mhusika mwingine yeyote. Msomaji wa riwaya hawezi kumwuliza mwovu anataka nini. Humsubiri mwandishi aseme. Mchezaji huuliza, tena katikati ya pambano, na msimamizi hana budi kujibu kwa kinywa cha hasimu. Jibu likiwa "anataka kuuangamiza ulimwengu," mazungumzo yamekwisha na kilichobaki ni kurusha dadu. Ndiyo maana vigezo vya kuhakiki hasimu wa riwaya, ubapa na uduara, havitoshi hapa. Cha kupimwa ni kama anaweza kuhojiwa.

Kitisho na namba

Illithid, kiumbe mwenye minyiri minne usoni anayekula ubongo wa watu, alijitokeza mwaka 1975 katika toleo la kwanza la jarida la The Strategic Review. Ni mmoja wa mahasimu wanaotambulika zaidi katika mchezo mzima, na umaarufu wake umeongezeka tangu mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 ulipotoka mwaka 2023. Hata hivyo, kwa miaka mingi illithid alikuwa hofu isiyo na historia. Alitisha kwa sababu ya mdomo wake. Mwaka 1998 kitabu cha The Illithiad kilieleza kwa kina jamii yake, uzazi wake na ubongo mkuu unaotawala koloni lake, na hapo ndipo alipoanza kuwa na jambo la kupoteza.

Jaribio lililokwenda upande wa pili ni lile la Bruce Cordell katika The Gates of Firestorm Peak (1996), lililoleta Far Realm, eneo lililo nje ya mpangilio wote wa uumbaji, ambalo akili ya binadamu haiwezi kulielewa. Wazo hilo lina nguvu katika maandishi, na deni lake kwa hadithi za H. P. Lovecraft liko wazi. Mezani hupungukiwa. Kisichoeleweka hakiwezi kujadiliana na mtu, hakiwezi kudanganywa, wala hakiwezi kukosea. Msimamizi hubaki akieleza utelezi, macho mengi na minyiri, na kufikia kikao cha tatu wachezaji wameyazoea macho hayo kama walivyozoea mbu.

Walioliona tatizo hilo mapema ni watu wa mchezo mwingine. Call of Cthulhu, uliobuniwa na Sandy Petersen na kuchapishwa na Chaosium mwaka 1981, ulihamisha namba kutoka kwa dude hadi kwa binadamu: mchezaji hupewa kiasi cha utimamu wa akili, na kila anapokiona asichopaswa kukiona, kiasi hicho hupungua. Kwa njia hiyo dude linabaki halijulikani, na kinachopimwa ni uharibifu ndani ya anayelitazama. Ni ufumbuzi wa busara, ijapokuwa unaukwepa mgogoro badala ya kuukabili. Hasimu bado hana la kusema.

Quori, ndoto na kiti

Mwaka 2002 kampuni ya Wizards of the Coast iliwaalika watu wapendekeze ulimwengu mpya wa mchezo. Mapendekezo zaidi ya 11,000 yaliletwa, na lililoshinda lilikuwa la Keith Baker. Ulimwengu huo, Eberron, ulichapishwa mwaka 2004. Miongoni mwa mahasimu wake ni quori, roho wa jinamizi wanaoishi Dal Quor, mahali ambapo walalao hufika katika ndoto.

Quori hawawezi tena kuvuka kwa miili yao kuingia katika ulimwengu wa binadamu. Njia waliyobakiwa nayo ni kuwatumia watu. Katika nchi ya Riedra wamefaulu kiasi kwamba watawala ni binadamu wanaobeba quori ndani yao, na raia huona kubebeshwa roho hiyo kuwa ni heshima kubwa. Hakuna jeshi linalovamia kutoka angani. Kuna dola yenye utulivu, chakula cha kutosha na usingizi unaosimamiwa. Quori sitini na saba walioasi walikimbia na kuungana na watawa wa kibinadamu, na uzao wao, kalashtar, wanaendelea kupigana vita hivyo kimyakimya.

Ubora wa usanifu huu uko katika haja. Dal Quor hupitia zama. Zama za sasa ni za giza, na zitakapogeuka, quori wote waliopo watatoweka ili roho wa namna nyingine wazaliwe. Wanapigana ili wasifutwe. Wanaamini kwamba wakizitawala ndoto za wanaokufa watauzuia mgeuko huo. Mchezaji akimwuliza quori anataka nini, jibu lipo, na ni jibu linalomsumbua mwulizaji: kuishi. Anayewashinda anashiriki katika kuutokomeza umma mzima. Anayewaachia anakubali binadamu wafugwe. Hapo mezani huwa pana mjadala halisi, na wachezaji wenyewe hugawanyika.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuupita muundo huu bila kukumbuka kitu cha nyumbani. Katika uganga wa pepo wa pwani, mtu anayepandwa huitwa kiti. Pepo hukalia kiti, huzungumza kupitia kinywa chake, hutaja jina lake na mahali atokako, na hueleza anachodai: ubani, nguo ya rangi fulani, ngoma, chano. Kjersti Larsen, katika utafiti wake kuhusu Mji wa Zanzibar, Where Humans and Spirits Meet (2008), anaonyesha kwamba masheitani hao wana makabila, dini na lugha zao: wapo ruhani Waislamu wa Kiarabu, rubamba wa Pemba, kibuki Wakristo wa Bukini na habeshia wa Ethiopia. Kwa maneno mengine, pepo wa pwani ni wa ghaibu na papo hapo ana anwani. Anahojiwa. Kupunga pepo ni mahojiano kabla ya kuwa tiba.

Haidaiwi hapa kwamba Baker alichukua chochote kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Kinachodaiwa ni kwamba tatizo ambalo wabunifu wa mchezo wamelizunguka tangu mwaka 1975, yaani namna ya kumpa kinywa kiumbe asiye wa dunia hii bila kumfanya mtu wa kawaida, limekuwa na ufumbuzi wake katika jamii za Waswahili. Methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha inabeba nadharia nzima ya uhasimu: baina ya zimwi na mtu kuna kujuana, na kujuana huko ndiko kunakoamua mlo utakuwa mkubwa kiasi gani.

Jini aliyerudi na namba

Jini na afriti waliingizwa katika orodha ya viumbe wa Dungeons & Dragons tangu toleo la kwanza la mwaka 1974. Kwa sheria za mchezo, jini ni kiumbe wa hewa na afriti ni wa moto. Katika hati ya sheria inayojulikana kama SRD 5.1, jini ana alama 161 za uhai naye ni mwema asiyejifunga na sheria. Afriti ana alama 200 naye ni mwovu mwenye kufuata sheria. Dini, ukoo na ujirani na binadamu, mambo ambayo msikilizaji wa pwani angeyauliza kwanza, yamewekwa kando ili nafasi ipatikane kwa elementi na namba.

Ulinganisho na Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) unasaidia. Katika riwaya hiyo mamlaka ya majini ndiyo yanayowageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani na kumtwika Adili wajibu wa kuwapiga kila usiku. Jini anatisha, amri yake haina huruma, lakini uovu uko kwa ndugu wa damu. Tena amri hiyo inaweza kuombewa msamaha, na mfalme Rai wa Ughaibuni anafanya hivyo. Kwa kipimo cha makala hii, Kisasi, mfalme wa majini, ni mhusika wa ghaibu aliyesanifiwa vizuri kuliko afriti wa alama 200, kwa kuwa mtu anaweza kumpelekea barua.

Jina shetani

Mchezo hutenganisha makundi mawili ya waovu wa kuzimu: wale wa mikataba, wanaofuata daraja na sheria ya uovu wao, na wale wa ghasia, wasiotii chochote. Kiingereza kina majina mawili kwa hao. Kiswahili kina shetani, neno linalobeba yote mawili na, kama ilivyoonekana, linabeba pia roho ambao watu huishi nao, huwalisha na huwaheshimu. Mfasiri akiandika "shetani" kila mahali, tofauti inayouendesha mchezo inapotea. Akiazima maneno ya kigeni na kuyavika viambishi, anapata tofauti hiyo na kupoteza mtetemo. "Mashetani wa mkataba" na "mashetani wa ghasia" ni njia ya kati yenye kueleweka, ingawa ni ndefu kwa jedwali.

Suala hilo haliishii kwenye msamiati. Katika miaka ya 1980 baadhi ya makundi ya kidini na ya wazazi nchini Marekani yaliushutumu mchezo huu kwa kuendekeza ibada ya shetani. Toleo la pili, mwaka 1989, liliyaacha majina hayo mawili, na mwaka 1991 viumbe hao walirudi wakiitwa baatezu na tanar'ri. Toleo la tatu la mwaka 2000 liliyarejesha majina ya awali. Viumbe walikuwa wale wale. Kilichobadilishwa ni lebo. Mshauri wa sera anayefikiria kuingiza michezo ya namna hii katika vilabu vya Kiswahili shuleni atakutana na wazazi wenye hoja hiyo hiyo, na lebo ngeni haitawaridhisha kwa muda mrefu.

Kosa la upande mwingine nalo limeshatokea. Mwaka 2022 kitabu cha Spelljammer: Adventures in Space kilileta hadozee, viumbe wenye umbo la nyani, pamoja na historia ya kufanywa watumwa na kupewa akili na mchawi. Wasomaji walitambua humo kejeli za zamani dhidi ya watu weusi, na mwezi Septemba mwaka huo kampuni iliomba radhi na kuyaondoa maelezo hayo. Ubunifu wa viumbe wa ghaibu huvuta malighafi kutoka katika kumbukumbu za watu halisi, na wenye kumbukumbu hizo husoma. Kumgeuza kibuki kuwa adui wa kuuawa kwa dadu kungekuwa kosa la ukoo huo huo, hata kama atakayelifanya ni Mswahili.

Kinachoruhusiwa kutafsiriwa

Mwezi Januari 2023 SRD 5.1 iliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons inayomruhusu mtu yeyote kuitafsiri na kuiuza mradi ataje chanzo. Mwaka huohuo matoleo ya Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania yalitoka. La Kiswahili linaweza kufanywa bila kuomba ruhusa ya mtu. Ila hati hiyo haina illithid wala quori. Hao wamebaki mali ya kampuni. Iliyonao ni jini, afriti na mashetani wa makundi yote mawili. Hivyo kilicho huru kwa mfasiri wa Kiswahili ni kile kile kinachogusa imani hai za wasomaji wake, na kilichosanifiwa kwa ustadi zaidi kimefungiwa.

Hali hiyo inaelekeza kazi. Kanuni za dadu, silaha na safari zinaweza kufasiriwa jinsi zilivyo, na kamati ya istilahi ikazimaliza kwa vikao vichache. Sura ya viumbe wa ghaibu inahitaji kuandikwa upya, na waandikaji wawe wanafasihi pamoja na watu wanaoufahamu uganga kwa kuuishi, wakikubaliana mapema ni majina yapi ya makabila ya pepo hayatatumika kabisa. Kila kiumbe atakayeingia aandikiwe, kabla ya alama zake za uhai, mistari mitatu: atokako, anachodai, na ni nani anayeweza kumwombea mtu kwake.