Meli Moja, Miisho Mitatu: Kuhakiki The African Queen

Sisi wa Nsemulwa Ziwa Tanganyika hatulioni, ila migebuka yake tunaila. Kwa hiyo riwaya ya C. S. Forester, The African Queen (1935), inatuhusu, hata kama ziwa mle limepewa jina la kubuni.

Swali la riwaya ni hili: boti chakavu yaweza kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani? Katika riwaya jaribio linashindikana. Boti inazama kwa dhoruba, na meli inamalizwa na Waingereza. Katika filamu ya John Huston (1951) boti hiyo hiyo inaizamisha meli. Na historia? Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe, Kigoma, Julai 1916. Baadaye iliibuliwa, ikawa Liemba.

Kifani, Forester amefaulu: taharuki haikatiki. Kimaudhui, nina ugomvi naye.

"Ingekuwaje" nzuri hubadili kiungo kimoja, kisha hufuata matokeo. Tuchukue boti halisi za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kutoka Cape Town na kuvushwa milima ya Mitumba, Kongo, mwaka 1915. Tuseme zingekwama milimani. Kingani isingetekwa Desemba 1915, wala Hedwig von Wissmann isingezama Februari 1916. Lakini Kigoma? Naona ingeanguka tu, maana majeshi ya Jenerali Tombeur wa Ubelgiji yalikuja kwa nchi kavu. Tena kamanda wa boti hizo, Spicer-Simson, alipoiona Götzen hakuishambulia! Ushindi wa majini, basi, ulibadili machache.

Kiungo kikubwa kilikuwa mabega ya watu. Bila Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja, boti hizo zisingeligusa ziwa. Sasa wako wapi riwayani? Wanakijiji wa misheni wanachukuliwa na jeshi la Wajerumani mwanzoni kabisa, basi, kwaheri. Eti hadithi inaanza wao wakishaondoka! Mwandishi amethubutu kubuni vita kwa ajili ya Rose na Allnut, wazungu wawili, lakini hakuthubutu kuuliza: je, wapagazi wangetua mizigo wakarudi makwao, ingekuwaje?

Hiyo ndiyo "ingekuwaje" ambayo ingebadili kila kitu, kwa Mwingereza, Mbelgiji na Mjerumani sawia. Wenzangu mnaoandika, kazi hiyo ni yetu. Tusimsubiri Forester mwingine.