Barua ya Mwandishi Hukaa kwa Nani? Uhakiki wa Mawasiliano ya Rajat Neogy na Funzo Lake kwa Kamwokya

1.0 Utangulizi

Watafiti wa fasihi ya Uganda wamezoea kuuliza mwandishi aliandika nini. Ni nadra kuuliza karatasi zake zimehifadhiwa wapi. Makala hii inashughulikia swali hili la pili kwa kumrejelea Rajat Neogy, mwandishi na mwanahabari aliyezaliwa Kampala mwaka 1938 na kuanzisha humo jarida la Transition mwaka 1961. Hoja inayotetewa ni kwamba mahali barua zinapohifadhiwa huelekeza hukumu ya mhakiki. Kwa hiyo, uhifadhi wa nyaraka binafsi si kazi ya wakutubi peke yao, bali ni suala la sera ya utamaduni.

2.0 Barua zilizobaki kwa mfadhili

Barua haikai kwa aliyeiandika. Hukaa kwa aliyepelekewa. Ukweli huu mdogo una matokeo makubwa. Mtafiti anayetaka kusoma mawasiliano ya Neogy kuhusu uendeshaji wa Transition huelekezwa Chuo Kikuu cha Chicago, kwenye kumbukumbu za Congress for Cultural Freedom, shirika lililokuwa na makao Paris na lililolifadhili jarida hilo. Vivyo hivyo, nyaraka za Transcription Centre ya London, iliyoongozwa na Dennis Duerden na kurekodi mazungumzo ya waandishi wengi wa Afrika, ziko Harry Ransom Center, Austin, Texas.

Barua kwa mfadhili ina sauti yake. Huzungumzia bajeti, gharama za uchapaji na idadi ya nakala. Huahidi, huomba na hujitetea. Mhakiki anayeanzia hapo humkuta mhariri akiwa mwombaji. Baada ya kufichuliwa, mwaka 1966 na 1967, kwamba fedha za shirika hilo zilitoka Shirika la Ujasusi la Marekani (CIA), usomaji huo ulizidi kuwa mkali. Si usomaji wa uongo, kwani fedha zilipokelewa. Hata hivyo, ni usomaji wa upande mmoja, na upande huo ulichaguliwa na kabati la nyaraka kabla ya mhakiki kufika.

3.0 Barua zilizochapishwa

Upande wa pili upo katika kurasa za jarida lenyewe. Transition lilikuwa, kwa kiasi kikubwa, jarida la barua. Makala ya Obi Wali katika toleo la 10 la mwaka 1963, iliyodai kwamba fasihi ya Kiafrika iliyoandikwa kwa lugha za Ulaya haina mustakabali, ilijibiwa na waandishi na wasomaji kwa matoleo kadhaa. Mjadala huo, ambao wataalamu wa Kiswahili wanauendeleza hadi leo, ulikuzwa na majibizano ya barua. Makala ya Ali Mazrui ya mwaka 1966 iliyomwita Nkrumah mfalme wa Kilenin nayo ilizua majibu makali.

Uzito wa kurasa hizo ulidhihirika mwaka 1968. Abu Mayanja, mbunge na mwanasheria, aliandika barua akijibu makala ya Picho Ali kuhusu mahakama na itikadi. Humo aligusia uvumi kwamba uteuzi wa majaji Waafrika ulikuwa ukicheleweshwa kwa sababu za kikabila. Oktoba mwaka huo Mayanja na Neogy walikamatwa, kisha wakashtakiwa kwa uchochezi. Mahakama iliwaachia huru mapema mwaka 1969, lakini walirudishwa kizuizini papo hapo. Neogy aliachiliwa Machi mwaka huo. Mhariri anayeonekana katika faili za mfadhili kama mpokeaji wa fedha anaonekana hapa kama mtu aliyepoteza uhuru wake kwa kuchapisha barua ya raia. Hakuna picha kati ya hizi mbili inayofuta nyingine. Uhakiki wa haki unazihitaji zote.

4.0 Mfano wa Shaaban Robert

Fasihi ya Kiswahili inatupatia mfano tofauti. Barua za Shaaban Robert kwa ndugu yake, Yusuf Ulenge, zilitunzwa na aliyeandikiwa, na hatimaye kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, zikihusisha miaka ya 1931 hadi 1958. Kwa kuwa mpokeaji alikuwa ndugu, tunamsoma mshairi katika uhusiano wa damu, si wa ruzuku. Tofauti ya Shaaban na Neogy si ya vipawa. Ni ya nani aliyehifadhi bahasha.

5.0 Kamwokya na wajibu wa sera

Swali hili linarudi Kampala kupitia Kamwokya. Katika Barabara ya Kira ipo FEMRITE, chama cha waandishi wanawake kilichozinduliwa mwaka 1996 na kuanza kutoa vitabu mwaka 1998, kikiwemo The Invisible Weevil cha Mary Karooro Okurut. Vitabu hivyo vina ulinzi wa sheria, kwa kuwa Uganda ina utaratibu wa kuweka amana machapisho. Rasimu, maoni ya wahariri na barua zilizovitangulia havina. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2001 nayo imejengwa hasa juu ya kumbukumbu za umma. Kwenye barabara hiyohiyo, Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha mwaka 2019 picha za enzi ya Idi Amin zilizokuwa zimesahaulika katika kabati la shirika la utangazaji. Picha hizo zilipona kwa bahati. Bahati si sera.

Makala hii inapendekeza mambo matatu. Kwanza, maktaba za vyuo vikuu ziingie mikataba na waandishi wangali hai, mikataba itakayolinda faragha kwa muda uliokubaliwa. Pili, nakala za kidijitali za barua zilizoko Chicago na Austin ziombwe rasmi. Tatu, ruzuku za uchapishaji zitenge fungu la kuhifadhi rasimu na mawasiliano, barua pepe zikiwemo. Yasipofanyika, mhakiki wa mwaka 2060 atawasoma waandishi wa Kamwokya kama tunavyomsoma Neogy leo: kupitia faili za waliowalipia.