Jina la Cucu Kwenye Mkono

Mwaka jana nilivua shati kwenye foleni ya usajili wa askari, uwanjani, asubuhi yenye ile baridi ya Nyeri inayokufanya ukunje vidole. Afisa hakufika hata kwenye kifua. Aliona mkono wangu wa kushoto, akasoma "Wangechi" kwa sauti, akauliza, "Huyu ni bibi yako?" Nikasema ni cucu. Watu wakacheka. Nikaambiwa nivae niende.

Tangu siku hiyo nasikiliza hoja za watu wa huku dhidi ya tatuu vile mtu husikiliza kesi yake mwenyewe. Nyingi ni dhaifu.

Maarufu zaidi ni Walawi 19:28. Utaisikia stejini Nyeri, utaisikia Karatina siku ya soko, spika imefunguliwa hadi mwisho. Shida yangu si aya, ni usomaji. Aya ya 27, moja tu nyuma, inakataza kukata nywele za pembeni na kunyoa kingo za ndevu, na mhubiri mwenyewe ametoka kinyozi jana akachorwa laini safi. Halafu hiyo 28 inaanza na wafu: watu wasijichanje mwili kwa ajili ya marehemu. Msomaji makini angewaacha kwanza vijana wenye waridi na simba, aanze na mimi. Mimi ndiye nimejichora kwa sababu ya msiba. Hakuna mhubiri amewahi kuniambia hivyo.

Wengine husema si mila yetu. Cucu mwenyewe alikuwa na ndewe zilizotobolewa na kupanuliwa, alama ya kukua, na hakuna aliyemwita mhuni. Na Aprili 2022, Muthoni wa Kirima, shujaa wa Mau Mau, aliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta zile rasta alizofuga tangu msituni, nchi nzima ilielewa kwamba mwili wa mtu unaweza kutunza historia. Ilielewa siku hiyo tu. Kijana mwenye rasta bado anasimamishwa barabarani.

Nilisoma sheria mihula mitatu kabla karo haijaisha, kwa hivyo nilirudi kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 27(4) kinakataza Serikali kubagua mtu kwa misingi mingi, na mavazi yamo. Ngozi iliyochorwa haijatajwa. Orodha yenyewe haijafungwa, wakili mzuri angeweza kubishana hapo. Wakili mzuri ana bei yake.

Hoja ya afya ndiyo ninayoiheshimu. Sindano iliyotumika huweza kubeba hepatitisi B, hepatitisi C na virusi vya UKIMWI, na ngozi zetu nyingi hupenda kuota keloidi. Sindano mpya inafaa kufunguliwa mbele yako, na wino umiminwe kwenye kikopo kipya. Mimi nilichorwa nyuma ya duka la simu kwa shilingi 1,500, na sikuuliza chochote. Herufi N imevimba mpaka leo. Ukiigusa ukiwa umefumba macho, utaisoma. Nilipimwa baadaye, niko sawa, lakini hiyo ilikuwa bahati.

Hoja iliyobaki ni ya mamangu. Yeye huniita "baba", kwa sababu mimi ni kijana wa pili na nilipewa jina la babake, kama kawaida ya Wakikuyu. Alipoona mkono wangu hakutaja Biblia wala kazi. Alikuwa anachambua mchele. Alisema, "Baba, jina la maitu si la kuandika. Ni la kuzaa. Hilo umeandika, siku utakufa utazikwa nalo."

Nilitaka kumwambia kwamba sina mtoto na sina hela ya kumpata, kwamba nilikosa mazishi kwa sababu ya nauli, na mkono ndio kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa cucu. Nilisema moja tu, hilo la nauli. Aliendelea kuchambua. Baadaye akanishika mkono, akapitisha kidole juu ya ile N iliyovimba, akauliza kama bado inawasha.

Dadangu wa pili ndiye Wangechi wa nyumbani. Ana miaka 19, hana tatuu, na mamangu akimwita "maitu" nyumba nzima inajua anaongea na nani.