Uigaji wa Saketi kama Ushahidi wa Uthabiti: Uhakiki wa Mbinu katika Usanifu wa Amplifaya ya Sauti

Tangu programu ya SPICE ibuniwe katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1970, msanifu ameweza kuuona mwenendo wa saketi kabla ya kuunganisha waya hata mmoja. Faida hiyo haina ubishi. Kinachohakikiwa hapa ni mazoea ya kuuchukua mchoro wa pambizo la awamu uliotolewa na kompyuta kuwa ushahidi tosha kwamba amplifaya ni thabiti.

Robert Pease, mhandisi wa National Semiconductor, alijulikana kwa kuishuku SPICE hadharani. Bob Cordell, katika *Designing Audio Power Amplifiers* (2010), ametenga sura nzima kwa uigaji na nyingine kwa modeli za transista. Kwa maoni yetu, hoja ya Cordell ndiyo yenye manufaa zaidi, maana haitetei programu bali inaonyesha namna ya kuirekebisha modeli kwa kuilinganisha na takwimu za transista yenyewe. Shaka ya Pease ni ya haki, lakini haimpi mwanafunzi pa kuanzia.

Tuchukue amplifaya ya kawaida ya hatua tatu, ambayo hatua yake ya kwanza ina transkondaktansi ya 10 mA/V, kapasita ya Miller ni 100 pF, na ukuzaji baada ya mrejesho hasi ni mara 20. Ukuzaji wa kitanzi hushuka hadi moja karibu na kilohezi 800. Katika masafa hayo, waya wa sentimeta 10, wenye indaktansi ya takriban mikrohenri 0.1, huzuia mkondo kwa kiasi cha omu 0.5, yaani zaidi ya mara mbili ya rezista ya emita ya omu 0.22 ambayo msanifu ameichora kwa uangalifu. Waya huo haumo katika mchoro, kwa hiyo haumo katika jibu.

Mbinu ya Middlebrook ya mwaka 1975 hupima ukuzaji wa kitanzi bila kukikata, na ni sahihi. Hata hivyo, hupima kitanzi kile tu kilichochaguliwa. Kitanzi cha ndani kinachopitia kapasita ya Miller, au transista tatu za kutoa zilizofuatana, huweza kutetema ilhali kitanzi kikuu kinaonyesha pambizo la digrii 70.

Lililofichika zaidi ni hisabati ya programu yenyewe. Ukokotoaji wa Gear hudhoofisha mitetemo, hata saketi isiyo thabiti ikaonekana tulivu; ule wa trapeza, kinyume chake, huweza kuzusha mtetemo wa bandia. Tasnifu isiyotaja mbinu ya ukokotoaji wala ukubwa wa hatua ya muda inamnyima mtahini njia ya kuutofautisha mtetemo wa saketi na ule wa programu. (Ni mstari mmoja tu wa maelezo, nao huachwa mara nyingi mno.)

Mtahini ana haki ya kudai wimbi la mraba lililopimwa kwa osiloskopu, mzigo ukiwa kapasita za kuanzia 1 nF hadi 2 µF, transista zikiwa baridi na zikiwa moto, na karibu na kikomo cha volteji. Mtetemo wa megahezi hausikiki kwa sikio. Hugunduliwa kwa joto la transista zisizo na kazi, au kwa spika ya sauti nyembamba iliyokwisha kuungua.